Mashine ya Miaka Thelathini

Kinyozi alipotangaza mezani kwamba anataka mashine ya kusafishia santuri, tena si mashine ilimradi mashine bali ile itakayodumu miaka thelathini, mkewe aliacha kijiko ndani ya kikombe akamkodolea macho. Miaka thelathini! Mtu ambaye kutoka chumbani kwake hadi sebuleni anashika ukuta na kupumzika njiani kama msafiri! Mtu ambaye daktari, juzijuzi tu, aliwaketisha wote wawili akawaambia bila kupindisha maneno kwamba moyo umechoka, dawa zitasaidia kiasi chake, na ni vizuri familia ikajipanga. Sasa huku ndiko kujipanga?

Hata hivyo aliyameza. Ndoa ndefu humfundisha mtu kuchagua siku ya kugombana, na siku hiyo mama wa watu alikuwa na suti ya bwana harusi juu ya cherehani, haina hata mkono mmoja. "Sawa, mzee," alisema, akainywa chai yake iliyokwisha kupoa. Lakini asubuhi yote alikata uzi kwa meno badala ya mkasi.

Mtaani hapo aliitwa Fundi, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa kwenye chumba cha mbele tangu watoto wao hawajazaliwa. Mumewe aliitwa Kinyozi, ingawa kinyozi alikuwa ameshafunga duka na wembe wake ulilala kabatini. Hata wao wenyewe wakiitana waliitana hivyo hivyo. Majina waliyopewa na wazazi wao yalibaki kwenye vitambulisho tu.

Na duka lile lilikuwa duka kweli. Juu ya kioo palikuwa na rafu, na juu ya rafu gramafoni, na Kinyozi alikuwa hamgusi mtu kichwa kabla hajaweka wimbo. Walikuja watu wenye nywele, wakaja na wenye vipara ambao hawakuwa na cha kunyolewa, wakakaa kwenye benchi wakatikisa miguu mpaka jioni. Nywele ziliruka, poda ikaruka, na vyote vikaenda kutua kwenye santuri. Kinyozi akiona santuri imechafuka alifanya nini? Alichukua brashi ileile aliyofutia watu shingo, akaifuta! Usafi wa kinyozi huo. Basi miaka ikapita, poda na vinywele vikajisokota ndani ya mistari ya santuri, mpaka kila wimbo ukawa unachakacha kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Alipofunga duka alizileta zote nyumbani kwenye makasha, pamoja na gramafoni, akazipanga ukutani sebuleni, na sasa alitaka kuzisikia zikiwa safi kabla ya... Sentensi hiyo hakuna mtu nyumbani mle aliyeimaliza.

Fundi hakuwa na ruhusa ya kuzigusa. Hii ilikuwa sheria ya nyumba, na chanzo chake kilikaa palepale mezani, kila mgeni akikiona: bakuli jeusi, lenye tundu dogo katikati na karatasi nyekundu iliyozunguka tundu. Ndani yake waliweka funguo, vifungo, na siku hizi dawa za mzee. Lile bakuli lilikuwa santuri. Fundi alipokuwa bibi harusi, bado na hina mikononi na mapenzi kichwani kama wanavyosema watani wake, aliona santuri za mumewe zimejaa poda akasema moyoni, leo nitamfurahisha. Akachukua beseni, akachukua sabuni, akaziosha moja moja kama sahani za karamu. Kisha akaenda kuzianika juu ya bati, jua la saa sita.

Kinyozi alirudi akazikuta zimejikunja, zingine mabakuli, zingine kofia. Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini akacheka mpaka machozi yakamtoka, au alilia mpaka kicheko kikamtoka, Fundi hakuwahi kujua ni kipi kilitangulia. Ila tangu siku hiyo ikawa: santuri hazishikwi. Na katika kila shughuli ya ukoo, watu wakishakula wakashiba, Kinyozi alisimulia habari ya santuri zilizoanikwa kama kanga, na mashemeji wakavunjika mbavu. Fundi naye alicheka. Lakini ile sheria aliishika kwa heshima yake mwenyewe. Alifuta vumbi kwenye rafu kushoto na kulia kwa santuri, juu na chini, zenyewe hakuzigusa hata kwa ukucha.

Kitinda, binti yao wa mwisho, ndiye aliyewapeleka dukani kwa gari lake. Njia nzima alimwonyesha baba yake picha kwenye simu. "Hii hapa, baba. Nyepesi, nzuri, watu wote wameisifu."

"Waliosifu wameitumia muda gani?"

"Wameinunua mwezi huu."

"Hata bwana harusi husifiwa mwezi wa kwanza," alisema Kinyozi, na Fundi aliyekaa nyuma akageukia dirishani asionekane anacheka.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na alipenda kazi yake. Aliwaonyesha namna inavyokuwa. Unaweka santuri juu ya sahani inayozunguka, unaikaza katikati kwa kibano cha kusokota. Unamwaga maji yenye dawa kidogo, unasugua kwa brashi laini ili maji yaingie kwenye mistari. Halafu unaleta juu yake mrija wenye midomo ya mahameli, unawasha mota, na mrija unayanyonya maji yote pamoja na uchafu wake, chururu, mpaka kwenye tangi. Santuri inabaki kavu kabisa, inang'aa.

"Na wale waliosema maji yakimwagika hayazoleki walikuwa wapi?" aliuliza Kinyozi. Wote walicheka, hata Fundi, ambaye alikuwa ameapa asicheke.

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza ndiyo ile ya Kitinda, ya plastiki, nyepesi kama kikapu. Ya pili ilikuwa na vitufe vingi, na ilifanya kila kitu yenyewe, mtu kazi yake kuitazama tu. Ya tatu lilikuwa sanduku la chuma, baya la sura, na lilipowashwa Kitinda aliziba masikio.

Kinyozi aliletewa kiti. Aliketi, akaweka mikono yake juu ya fimbo, na hakugusa mashine hata moja. Akaanza kuagiza.

"Fundi, hebu kaza hicho kibano. Sasa kifungue. Haya, na cha hii nyingine."

"Fundi, toa hilo tangi kama unakwenda kumwaga maji."

"Fundi, hebu inyanyue upande huo. Nzito?"

"Kinyozi, mimi nimekuja kukusindikiza," alisema Fundi. "Sikuja kuomba kazi."

"Mikono yangu si unaijua?"

Aliijua. Mikono ile iliyowahi kupitisha wembe kwenye koo za watu wazima wakiwa wamesinzia, sasa haikuweza kufikisha kikombe mdomoni bila kudondosha. Basi akakaza na kufungua, akanyanyua na kushusha, uso umekunjamana.

Lakini Fundi alikuwa na udhaifu mmoja, na mumewe aliujua kuliko mtu yeyote. Hakuweza kuona mashine asitake kuona tumbo lake. Baada ya muda mfupi alikuwa ameshaomba bisibisi, na ile ya plastiki imelala chali juu ya kaunta.

"Mota imegandishwa kwa gundi," alisema. "Haifunguki. Siku mota ikifa, mnazika na mwili mzima."

Neno lilipomtoka alijiuma ulimi. Kitinda aliangalia sakafu. Kinyozi yeye aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa habari za kitambaa. "Endelea," alisema.

Ya vitufe haikuwa hata na skrubu. Muuzaji alikiri kwamba ikiharibika hurudishwa kiwandani, ng'ambo huko. "Ajuaye yote, siku akisahau moja amesahau yote," alisema Fundi, akaisukuma pembeni. Sanduku la chuma alikaa nalo kwa muda mrefu. Mota imeshikwa na skrubu za kawaida. Mkanda wake ni wa aina aijuayo, hata wa cherehani ungekubali kwa kulazimisha. Midomo ya mahameli imebandikwa juu tu. Aliipapasa kwa kidole. "Hii ikichakaa naikata mwenyewe, nina vipande tele nyumbani."

"Siwafichi kitu," alisema muuzaji. "Ina kelele, na ukiiendesha sana inapata joto. Lazima uipumzishe."

"Kelele si ugonjwa. Cherehani yangu inapiga kelele tangu huyu hajazaliwa," alisema Fundi, akimwonyesha Kitinda kwa bisibisi.

"Na kibano?" aliuliza Kinyozi. "Kidole gumba chako hakikuumi ukikikaza?"

"Hakiumi."

"Kweli?"

"Nimesema hakiumi, mzee! Unanunua mashine au unanipeleka hospitali?"

Kinyozi alimgeukia muuzaji. "Tunachukua hii," alisema.

Kitinda aliiweka mashine kwenye meza ya sebuleni, karibu na dirisha, akawabusu wazazi wake akaenda zake kazini. Kinyozi alisogeza lile bakuli la funguo kuipa mashine nafasi. Kisha akavuta kiti cha pili, akakipiga vumbi kwa kiganja.

"Njoo nikuonyeshe," alisema.

"Unionyeshe nini?"

"Namna ya kusafisha."

"Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka. Safisha wewe, mimi nitasikiliza, kama siku zote."

"Fundi."

Hapo ndipo ile siku ya kugombana ilipowadia yenyewe bila kuchaguliwa.

"Miaka thelathini, Kinyozi!" alisema, na sauti yake ikapanda mpaka akajishangaa. "Miaka thelathini ya nani? Daktari alisema mbele yangu na mbele yako. Ulisikia kama nilivyosikia mimi. Tangu tutoke pale hujasema neno, mashine, mashine, mashine! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umekwenda kujificha nyuma ya sanduku la chuma!"

Kinyozi alingoja. Alikuwa anavuta pumzi ya kutosha maneno yake, siku hizi alilazimika kuipanga mapema.

"Mama yako alifariki na umri gani?"

"Mama yangu ameingiaje hapa?"

"Alipita tisini. Wiki ya mwisho alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na dada zake hali kadhalika. Ukoo wenu hamfi, nyinyi mnachoka kuishi tu. Na wewe mwaka huu umefika sitini na ngapi? Haya, toa."

Fundi hakutaka kutoa. Lakini mtu aliyeshinda maisha yake na futi kamba shingoni hawezi kusikia namba mbili asizitoe. Alitoa, akapata kama thelathini hivi.

"Mimi sijinunulii," alisema Kinyozi. "Mimi ile dhamana ya dukani ya mwaka mmoja inanitosha na chenji inabaki."

Alitaka acheke. Fundi hakucheka. Aliinuka, akaenda chumba cha mbele, akakaa mbele ya cherehani akashona mshono mmoja mrefu wa suruali, na alipoutazama ulikuwa umekwenda upande kama wa mwanafunzi. Aliufumua. Akaushona tena, ukaenda upande tena.

Siku zilizofuata mashine ilikaa mezani imefunikwa kitambaa. Kinyozi hakumsukuma. Alimuuliza tu kila baada ya chai, "Leo?" naye akajibu, "Leo nina kazi." Kazi zilikuwapo, hakuwa anasema uongo. Lakini ukweli wenyewe aliujua, na ulimtia aibu kwa jinsi ulivyokuwa wa kitoto. Aliogopa. Mwenye nyumba haondoki kabla hajakabidhi funguo, si ndivyo? Basi asipopokea? Akiendelea kuwa yule bibi harusi mjinga aliyeanika santuri juu ya bati, asiyeaminika hata na kipande cha plastiki, mumewe ataondokaje? Atamwachia nani? Alijiambia, siku nitakayojua kuitumia mashine hii ndiyo siku ninayomwambia haya, nenda. Na yeye hakuwa tayari kumwambia haya nenda. Hakuwa tayari hata kidogo.

Alasiri moja, akiwa anapiga pasi kola, akasikia mota ikinguruma sebuleni.

Alimkuta Kinyozi amesimama, peke yake, bila fimbo. Alikuwa amemwaga maji kabla ya kukaza kibano, santuri ikateleza, na sasa ameinyanyua kwa mikono miwili airudishe mahali pake. Ilikuwa ile ya kufungulia duka, ile iliyoanza kila asubuhi kabla kichwa cha kwanza hakijanyolewa. Mikono ilimtetemeka vibaya. Maji yalimtiririka viganjani mpaka kwenye mikono ya shati, na santuri ikaanza kumponyoka, taratibu, naye anaiona inavyoondoka na hawezi kuizuia.

Fundi aliidaka. Aliidaka kwa kiganja kizima, vidole vyote vitano katikati ya uso wa santuri, pale pale pasipoguswa.

Walitazamana. Mota ilinguruma bila kunyonya kitu. Kinyozi alinyosha mkono akaizima, akajiachia kwenye kiti.

"Kwa pembeni," alisema akihema. "Shika kwa pembeni. Kama unavyoshika kola ukishaipiga pasi."

Basi akaishika hivyo. Nani asingeweza? Kola alizishika maisha yake yote. Aliilaza juu ya sahani, akakaza kibano, na kidole gumba hakikuuma. Alimwaga maji. "Kidogo," alisema Kinyozi, "hiyo si nguo." Alisugua kwa brashi, santuri ikizunguka chini ya mkono wake polepole. "Usikandamize. Iache brashi ijiendee." Alileta mrija, akawasha, na ule mngurumo ukajaza nyumba, na maji yakapotea mbele ya mahameli yakiacha weusi mtupu, weusi wa kung'aa ambao hakuwahi kuuona kwenye santuri ile tangu aifahamu.

Alipotoa tangi kwenda kumwaga, harufu ikampiga usoni. Poda. Poda ileile ya dukani, ya shingo za watu, iliyokuwa ikirudi nyumbani kila jioni kwenye shati la mumewe. Maji yalikuwa ya kijivu, na juu yake vilielea vinywele vifupi. Fundi alisimama na tangi mkononi akaanza kulia, waziwazi, bila kujificha, kamasi na machozi.

"Nywele za nani hizo?" aliuliza Kinyozi kutoka kitini.

"Nitajuaje?" alisema akijifuta kwa bega.

"Nyeupe au nyeusi?"

"Nyeusi."

"Basi za yule jirani yetu, kabla hajaoa."

Ndipo Fundi akacheka, tangi likamwagika kidogo sakafuni, na maji hayo hayakuzoleka.

Waliuweka wimbo. Fundi ndiye aliyeweka sindano ya gramafoni, Kinyozi akimwelekeza kwa kidevu. Ulianza, naye akashtuka, akainamisha kichwa asikie vizuri. Miaka yote alidhani wimbo ule una manyanga. Aliwahi hata kuwabishia watu, kwamba uzuri wake wote ni yule mpiga manyanga. Kumbe hakukuwa na manyanga. Ilikuwa poda. Kulikuwa na gita, na sauti ya mwimbaji, na mahali fulani kabla ya kiitikio mwimbaji alivuta pumzi, na pumzi yenyewe ilisikika.

Waliusikiliza mpaka ulipokwisha.

"Lete nyingine," alisema Kinyozi.

Alileta nyingine. Alikaza, akamwaga, akasugua, akawasha. Sasa tatizo likawa kelele. Mota ikinguruma hakuweza kumsikia mumewe akipumua, na ni wiki nyingi sasa alikuwa amezoea kuisikiliza pumzi hiyo akiwa chumba chochote, akishona, akipika, akilala. Santuri ilizunguka. Kinyozi alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, macho yamefumbwa, mikono imetulia mapajani. Maji yakaisha kunyonywa. Fundi alizima mota, na kabla ya kitu kingine chochote aligeuka akatazama kifua cha mumewe.

Kilipanda. Kikashuka.

"Umeniangalia mimi kwanza," alisema Kinyozi bila kufumbua macho. "Angalia santuri."

"Nitaangalia nitakacho," alisema Fundi. "Mashine ni yangu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Alilisikia yeye, akalisikia na mumewe, na hakuna aliyelirudisha. Kinyozi alifumbua macho akamtazama kama mtu aliyevishwa koti akakuta mabega yamekaa sawa.

"Haya," alisema. "Yako."

Akafumba macho tena. Fundi alishika santuri kwa pembeni, akaigeuza upande wa pili, akakaza kibano, akamwaga maji, kidogo tu.